Mpiga Picha wa Jumamosi

Jumapili, 12 Januari 2025. Hamburg

Kadi mpya ya ukaazi imefika. Ile ya zamani ilikuja na karatasi ya kijani iliyosema naruhusiwa kazi ya uuguzi kwa mwajiri mmoja aliyetajwa, na kwamba kujiajiri hakuruhusiwi. Hii ya sasa ni ya ukaazi wa kudumu, na inaruhusu kazi yoyote. Nimeisoma nimesimama jikoni, koti bado mwilini, kisha nikampigia mama Tanga. Akaniuliza, "Sasa ndiyo utarudi, au ndiyo hurudi tena?" Nikamwambia sasa ndiyo nitaanza kupiga picha kwa malipo. Akasema Alhamdulillahi, na akataka kujua kama hospitali nitaacha. Siachi, mama. Picha ni za Jumamosi na siku za mapumziko.

Watu wetu wengi hapa hawaijui tofauti hii ya vibali. Kijana wa chuo mwenye kamera nzuri anapiga harusi ya rafiki, anapewa euro mia tatu mkononi, na hajui kwamba kwa serikali ya hapa hiyo tayari ni biashara, na kibali cha mwanafunzi hakimpi ruhusa ya kujiajiri mpaka ofisi ya wageni imkubalie. Ndiyo sababu miaka yote ya mafunzo ya uuguzi, na ile ya wodini iliyofuata, nimepiga picha bila kupokea hata senti. Sasa naweza kuweka bei, na nataka kuiweka.

Sababu yenyewe niiandike kabla fomu hazijanijaa kichwani. Nimeona albamu nyingi za harusi za watu wetu zilizopigwa na mafundi wa hapa, mafundi wazuri, wenye vifaa ambavyo mimi sitavipata karibuni. Kwenye gauni la bi harusi unaona kila uzi. Uso wake ni doa. Au fundi amejaribu kuuokoa baadaye kwenye kompyuta, ukageuka rangi ya majivu. Dada wa watu kalipa, kasema asante, kaitundika ukutani, na mama yake akiipokea kule nyumbani anauliza kama mwanawe anaumwa. Hilo linaniuma, na najua linatibika.

Jumanne, 21 Januari

Nimejisajili. Mpaka mwisho wa 2003 nisingeweza. Upigaji picha Ujerumani ulikuwa kati ya fani ambazo hufungui duka bila cheti cha fundi mkuu, miaka ya kusomea na mtihani juu yake. Sheria ya ufundi ikalegezwa, na tangu 2004 fani hii iko wazi kwa yeyote anayejisajili. Jina langu litaingia kwenye daftari la chemba ya mafundi ya Hamburg, na kwa anayeanza, mwaka wa kwanza hauna ada.

Karani wa usajili aliniuliza napiga picha za namna gani, na swali lina maana yake. Anayepiga picha za sanaa au za magazeti huhesabiwa mtaalamu huru na hapiti dirisha lile. Anayepiga harusi na sura za watu kwa oda ni mfanyabiashara. Nikasema harusi, ubatizo, Idi, wazee, watoto. Akaandika.

Kisha fomu ndefu ya Finanzamt, ofisi ya kodi, ya kujaza mtandaoni. Nimechagua utaratibu wa mfanyabiashara mdogo. Mwezi huu huu kiwango kimepandishwa: mauzo ya mwaka uliotangulia yasizidi euro 25,000, zamani ilikuwa 22,000. Faida yake ni kwamba simtozi mteja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19, na hilo ni jambo kubwa pale mteja anapokuwa familia. Kampuni ingerudishiwa kodi hiyo. Mama wa watoto watatu harudishiwi na mtu. Hasara ni kwamba nami nikinunua lenzi, kodi niliyolipa dukani imekwenda. Kwa anayeuza muda wake na macho yake, naona inalipa.

Hospitali nimewapa taarifa kwa maandishi, kama mkataba unavyotaka. Bima ya afya inabaki ile ile ya ajira, maadamu picha zinabaki kazi ya pembeni kwa saa na kwa kipato.

Alhamisi, 6 Februari, alfajiri

Nimetoka zamu ya usiku na usingizi haunijii.

Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kinafanya kazi kwa mwanga. Kinapitisha mwanga mwekundu, na mwingine usioonekana kwa macho, katikati ya nyama ya kidole, kisha kinasoma kilichofika upande wa pili. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio hicho kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Namba inasema salama, na damu yenyewe iko chini. Tangu niusome, mgonjwa mweusi akiniambia pumzi haitoshi sishiki namba peke yake. Namtazama ndani ya mdomo, natazama kucha, nahesabu pumzi, na kama kuna shaka nasimama pale mpaka daktari apime damu ya ateri.

Kamera nayo ina tabia hiyo hiyo. Imefundishwa kuamini kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, ni kijivu cha wastani kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeadhibiwa ni aliyevaa gauni. Enzi za filamu ilikuwa vibaya zaidi. Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa Shirley, na kilichotoka sawa kilikuwa uso wa Shirley. Kodak walikuja kutoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali miaka ya 1990. Mimi picha zangu za utotoni ni za kabla ya hapo. Kwenye ile ya shule ya chekechea unaniona meno na soksi.

Dawa inajulikana, na si ya gharama: upime mwanga unaomwangukia mtu, usipime unaorudi kutoka kwake. Mita ndogo ya mkononi, yenye kipira cheupe, unaishika chini ya kidevu chake ikitazama kamera. Namba inayotoka haijali rangi ya ngozi wala ya nguo. Baada ya hapo ni kuchagua chanzo cha mwanga. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao wake, na mng'ao unataka chanzo kipana: dirisha kubwa, ukuta mweupe ulioupiga flashi, shuka iliyotandazwa. Taa ndogo kali inaacha madoa meupe kwenye paji la uso, na mtu anaonekana katokwa jasho. Ningependa kila anayeshika kamera kwenye harusi za watu wetu ajue hivi vitu viwili tu, mita na chanzo kipana.

Jumamosi, 22 Februari

Simu ya jioni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Tumesikia umefungua biashara ya picha, hongera sana. Sasa mtoto anabatizwa mwezi ujao, tukasema wewe ni wa nyumbani, utatushika mkono. Nauli tutakupa."

Nikamweleza bei. Akanyamaza kidogo, akasema basi ataongea na mama watoto.

Simlaumu. Ugenini tunaishi kwa kushikana mikono: mmoja anabeba mizigo ya kuhama, mmoja anasuka, mmoja anajaza fomu za mwenzake. Nimebebewa mizigo mara nyingi. Lakini ubatizo wa saa mbili si saa mbili. Kuna kwenda na kurudi, kuna kuchagua picha hamsini kati ya mamia, kuna kuhariri uso mmoja mmoja, kuna ankara, kuna kuhifadhi nakala mahali pawili. Na kila euro ya faida inarundikwa juu ya mshahara wa hospitali, kwa hiyo inakatwa kodi kwa kiwango cha ngazi niliyopo, haianzii sifuri kama ya mtu asiye na kazi nyingine. Nikikubali nauli, nitakuwa nimelipia mwenyewe ubatizo wa mtoto wa watu, na nitaupiga nikiwa na haraka.

Nimeamua hivi. Bei iko moja kwa wote, imeandikwa, na theluthi inalipwa kabla ili tarehe ishikwe. Na zawadi nitakayotoa itakuwa zawadi kweli, bila nauli, bila bei ya undugu: vijana wanaofika kwa mafunzo ya uuguzi, mwaka wao wa kwanza, wakitaka picha moja nzuri ya kumpelekea mama, ni bure. Nakumbuka nilivyoitafuta picha ya namna hiyo mwaka wangu wa kwanza.

Jumapili, 30 Machi

Idi Mubarak. Usiku saa zimesogezwa mbele kuingia majira ya kiangazi, saa nane ikawa saa tisa, kwa hiyo watu wamefika msikitini na usingizi machoni. Baada ya swala nikaenda kwenye ukumbi mdogo niliokodi karibu na barabara ya Steindamm, dirisha lake linatazama kaskazini. Dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja, mwanga wake ni mpole siku nzima.

Zimekuja familia za Unguja, Mombasa, Tanga, na moja ya Lamu. Kanzu nyeupe ya baba, buibui jeusi la mama, watoto na nguo za kumeta, wote kwenye fremu moja. Hakuna mtihani wa mwanga unaozidi huo. Nikapima usoni, nikaacha kanzu iende karibu na ukomo wa weupe bila kupotea mikunjo yake, na ubao mweupe nikauweka chini kulia ili buibui lionyeshe tarizi. Baba mmoja alipoiona kwenye skrini akaisogeza karibu na macho, akamwita mkewe. "Njoo uone, tumetoka kama tulivyo."

Bibi wa Lamu aliuliza pazia liko wapi. Kwake studio ni lazima iwe na pazia lenye mandhari. Alikulia mji wa Bakor, Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejulikana kwa kukata na kuunganisha picha kwa mikono yake, zamani kabla ya kompyuta. Na Unguja ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Pwani yetu imekaa mbele ya kamera muda mrefu, na imekaa kwa heshima, kwa kujipamba, kwa kuchagua kiti. Nilitaka bibi ajue kwamba hilo nalijua. Nikamtandikia kanga nyuma, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Ndiyo picha bora ya siku.

Mama mmoja aliniambia kabla sijainua kamera: "Mwanangu, hizi ni za ndani." Nikamwonyesha fomu niliyoandaa kwa Kiswahili na Kijerumani, yenye visanduku viwili. Kimoja kinaniruhusu kutunza picha ili nimpe, kingine kinaniruhusu kuionyesha kwa watu. Akatia alama cha kwanza, cha pili akakipiga mstari kwa nguvu. Nitafurahi wakiendelea kukipiga mstari wanapotaka. Kisanduku kimewekwa kwa ajili hiyo.

Ijumaa, 2 Mei

Tangu jana picha ya karatasi ya pasipoti au kitambulisho haipokelewi tena Ujerumani. Picha lazima iwe ya kidijitali, ipigwe ofisini kwao au kwa mpiga picha aliyesajiliwa, ambaye anaituma kwa njia salama na kumpa mteja alama ya kuskani. Baadhi ya ofisi ambazo mashine hazijafika zimepewa nafasi mpaka mwisho wa Julai. Wenye studio ndogo wamekuwa wakilalamika tangu mwaka jana, maana picha za pasipoti ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya pango.

Nimefikiria kama nijisajili kwa huduma hiyo. Kwa mwenye duka la mtaani inafaa, ila kwa mpiga picha wa Jumamosi asiye na mlango wa barabarani sioni hesabu yake. Kinachonivuta ni jambo jingine. Wagonjwa na majirani wameniambia mara nyingi jinsi vibanda vya kituo cha treni vinavyowakataa: sogea, uso hauonekani, jaribu tena. Mtu analipa, anakataliwa na mashine mbele ya foleni, anaondoka kajisikia kwamba tatizo ni yeye. Sura ya milimita 35 kwa 45 ndiyo inayokuvusha mpaka. Sijaamua. Niulize bei ya huduma hiyo mwezi ujao.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimepanda treni mpaka Friedrichsruh, mashariki mwa Hamburg, ndani ya msitu wa Sachsenwald. Nilikuwa nikisoma sheria ya haki ya mtu juu ya sura yake, ile inayonilazimu kuwa na fomu za ridhaa, nikakuta imezaliwa hapa jirani.

Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, alifia Friedrichsruh tarehe 30 Julai 1898. Usiku ule ule wapiga picha wawili wa Hamburg, Willy Wilcke na Max Priester, walipata habari kwa mtu waliyemhonga, wakapita dirishani, wakawasha magnesi na kumpiga picha maiti kitandani. Walitaka kuiuza kwa pesa nyingi. Familia ikashtaki, picha ikakamatwa, wakaenda jela. Mahakama Kuu ya dola ilipata taabu mwaka 1899, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyosema sura ya mtu ni ya nani. Wakaihukumu picha kwa kuwa ilipatikana kwa kuvunja nyumba. Pengo likazibwa na sheria ya 1907, na kifungu chake cha 22 kinatumika mpaka leo: picha ya mtu haisambazwi wala haionyeshwi hadharani bila ridhaa yake, na akifa, ridhaa inabaki kwa ndugu zake miaka kumi.

Nilikaa kwenye benchi karibu na kaburi lake muda mrefu. Huyu ndiye mwenyeji wa Mkutano wa Berlin. Mkutano ulifungwa 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaizari akaipa kampuni ya Carl Peters barua ya ulinzi juu ya nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Heshima ya uso wa mtu mmoja, maiti, ilitosha kuleta sheria mpya. Na 1907, mwaka sheria ilipopita, kusini kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizikia kwa njaa.

Miaka hiyo hiyo Walther Dobbertin alikuwa akifanya kazi ya picha Dar es Salaam. Picha zake ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na nyingi zimewekwa mtandaoni. Nimezitazama usiku mwingi nikiwa sina zamu. Alikuwa fundi hasa, mistari yake imenyooka, mwanga wa asubuhi anaujua. Ila nyingi nilizozitazama za watu wetu hazina jina la mtu. Kuna kazi, kuna kabila, kuna mahali. Mwanamke kasimama na mtungi, ananitazama miaka mia na zaidi, na sijui nimwite nani.

Kwa hiyo kwenye biashara yangu jina ni sehemu ya kazi. Fomu inauliza jina kamili la kila aliyemo, liandikwe kama mwenyewe anavyotaka liandikwe. Linaingia ndani ya faili la picha, na picha ya karatasi naliandika nyuma kwa penseli laini, pamoja na mahali na tarehe. Inaongeza muda wa kazi, na muda huo upo ndani ya bei.

Jumatatu, 30 Juni

Harusi ya juzi Jumamosi. Bi harusi wa Morogoro, bwana harusi wa hapa Hamburg. Miguu bado inauma.

Niandike mambo ya mwanga kwanza, maana yatanifaa tena. Uso mweusi sana na uso mweupe sana, mashavu yamegusana. Kamera ikipima uso wa bi harusi, mumewe anaungua; ikipima wa mume, mke anazama. Wengi hutafuta katikati, na katikati inawaharibu wote wawili. Nilichofanya ni kuwageuza. Bi harusi upande wa dirisha, karibu na mwanga, bwana harusi nyuma ya bega lake, hatua moja mbali na dirisha. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na chanzo, kwa hiyo hatua moja inatosha kuwapatanisha. Nje nilitumia ukuta wa nyumba iliyopakwa chokaa kama kirudisha mwanga. Sikuhitaji kumng'arisha yeyote kwenye kompyuta.

Jua la hapa mwezi huu ni neema. Tanga saa sita mchana jua liko juu sana, macho yanakaa ndani ya shimo la kivuli, na ile saa ya dhahabu jioni inapita upesi, saa moja giza limeshika. Hamburg mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na linashuka kwa mshazari taratibu. Nilipata zaidi ya saa nzima ya mwanga wa pembeni kando ya Elbe, bila kukimbia.

Ukumbini mama wa bi harusi alitoka na kanga begani, vigelegele vikaanza, na mama wa bwana harusi akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Shangazi mmoja akamfunga kanga ya pili kiunoni na kumwingiza katikati. Wakati wa kutunza alitoa noti akamwekea mkwewe kwenye paji la uso, akilia. Nilikuwa na lenzi ya milimita 85, nimechuchumaa nyuma ya meza ya keki. Niliwapima nyuso kabla ngoma haijaanza, kwa hiyo nilipowaona nilibonyeza tu.

Baadaye kijana mmoja alinifuata karibu na mlango. "Sista, naomba mimi nisitokee popote." Sikumuuliza sababu. Nikamwonyesha skrini, tukazitafuta pamoja zile ambazo yumo, nikazifuta mbele yake, na nikamwambia zile za kundi nitakata kando alipo. Akashukuru kwa Kiswahili cha Bujumbura. Wapo watu hapa ambao picha moja mtandaoni inaweza kuwapotezea mengi, au kuwaletea mabaya ndugu waliobaki nyumbani. Nimeongeza mstari kwenye mkataba: wenye harusi wawaarifu wageni kabla, na mgeni yeyote anaweza kuniambia hapana siku hiyo, bila kujieleza.

Jumatano, 20 Agosti

Kuhariri tu wiki hii. Albamu ya harusi imekwisha na imelipwa.

Nimetenganisha risiti. Ofisi ya kodi inahesabu kamera kwa miaka 7, kila mwaka unakata sehemu ya bei yake. Vifaa visivyozidi euro 800 kabla ya kodi unaweza kuvikata mwaka ule ule. Mita, stendi na flashi vyote vimeingia humo.

Yule mdogo wangu wa ubatizo amepiga simu. Yeye na mama watoto wamekubaliana wapigwe picha ya familia mtoto akitimiza mwaka, kwa bei iliyoandikwa. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 19 Oktoba

Mzee wa Bukavu alikuja na koti jeusi na tai, amesindikizwa na mjukuu. Anaishi Ujerumani tangu vita vya kwao. Anataka picha moja, ya kichwa na mabega, na alisema wazi ni ya siku ya mazishi yake, kwa sababu hana picha ya ukubwani aliyoipenda. Zile za vitambulisho, alisema, zinaonyesha mtu anayeomba kitu.

Sikuharakisha. Nilizima flashi, nikamweka mita mbili kutoka dirishani, nikamwacha aongee. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Akaeleza jinsi ya kuwafundisha watoto kugawanya kwa kutumia maharagwe, na alipofika kwenye masalio uso wake wote ukafunguka. Nywele nyeupe, ngozi nyeusi ya wazee yenye mistari myembamba, na macho yaliyojaa darasa. Hapo ndipo nilipopiga.

Kwenye fomu alitaka jina lake lote, la kwao, la ubatizo na la baba, na chini yake neno mwalimu. Mjukuu akasema, "Koko, ni refu, halitaenea." Mzee akamwambia, "Litaenea. Andika."

Akalipa bei kamili na akadai risiti. Nilikuwa tayari kumpunguzia, na nilipoona alivyozihesabu noti nikanyamaza.

Jumatano, 3 Desemba

Giza linaingia saa kumi jioni. Hata saa sita mchana jua halizidi nyuzi 15 juu ya upeo, siku likitokea. Kwa sura za watu ni mwanga mzuri, mrefu na wa pembeni, ila ni wa saa chache, na mara nyingi saa hizo niko wodini au nimelala baada ya zamu.

Leo nimeandika barua kwa hospitali kuomba kupunguziwa saa hadi asilimia 80 kuanzia Aprili. Sheria inampa haki ya kuomba mfanyakazi aliyekaa zaidi ya miezi sita, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 15, mradi ombi lifike kwa maandishi miezi mitatu kabla. Wanaweza kukataa kwa sababu za kikazi, na wauguzi ni wachache, najua. Sitaki kuacha wodi. Wodini ndiko nilikojifunza kumsogelea mtu asiyenijua na kumwambia nitakachofanya kabla sijamgusa, na kamera inahitaji hivyo hivyo. Lakini mwaka huu kuna kazi nimezikataa kwa sababu ya zamu, na moja ilikuwa ya vijana wa mwaka wa kwanza, wale wa bure. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua.

Mama kauliza tena juu ya kurudi. Nimemwambia Agosti nitakuja likizo na nitakuja na mita, na kwamba yeye, mama mkubwa na majirani wa mtaa wajiandae, nguo wachague wenyewe, viti watoe wenyewe. Akauliza bei. Nikamwambia kwake ni zawadi, kwa mama mkubwa ni zawadi, na majirani watalipa.

Dada wa Bremen anasubiri jibu la harusi yake ya tarehe 11 Aprili. Hospitali haijajibu, lakini Jumamosi ile nimeshaiomba mapumziko na imekubaliwa. Kesho nitampelekea mkataba.